Neno "Sharti" na Istilahi ya Pavlov

Ivan Petrovich Pavlov (1849–1936), mtaalamu wa fiziolojia wa Urusi, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya usagaji wa chakula. Walakini jina lake limeenea ulimwenguni kwa jambo jingine: mbwa atokwaye na mate kabla ya kuletewa chakula. Katika maabara yake mdundo wa metronomu, ukitangulia chakula mara nyingi, mwishowe ulitosha kuyaleta mate peke yake.

Hapo awali Pavlov aliyaita hayo mate ya nafsi. Baadaye alishika neno "uslovny". Asili yake ni "uslovie", yaani sharti, nalo lina shina moja na "slovo", neno. Kwa hiyo hubeba maana mbili, chenye masharti na kilichopatanwa. Kinyume chake ni "bezuslovny", kisicho na masharti: mate yatokayo chakula kikiwa kimo kinywani. Lilikuwa neno la hadhari. Metronomu ikipigwa tena na tena pasipo chakula kufuata, mate hupungua hata yakakoma. Mwitikio huo hudumu madhali sharti lake latimizwa.

Kiingereza kiliipoteza hadhari hiyo. Neno lililoenea, ambalo tafsiri ya G. V. Anrep ya mwaka 1927 ililiweka katika jina la kitabu, ni sifa ya tendo lililokwisha: mnyama amekwisha kufanyizwa. Ndiyo maana mwandishi wa gazeti atakaye kuudharau umati wa watu huutaja kwa jina la Pavlov, kana kwamba mbwa wale hawakuacha kamwe.

Kiarabu kilisalimika, maana istilahi yake imejengwa juu ya "shart". Kiswahili kimelikopa neno hilohilo, na "mwitikio wa sharti" waonekana u tayari. Lakini neno limegeuka njiani. Mtu aambiwapo "sharti uje", hapana sharti tena hapo, ni lazima. Msomaji atafahamu mwitikio wa lazima, na huo ndio hasa "bezuslovny": istilahi itakuwa imeuita kitu kwa jina la kinyume chake!

Wingi hauna kasoro hiyo, kama mkataba wenye masharti unavyoonyesha. "Mwitikio wenye masharti" ni mrefu, wala haumpendezi mtunga kamusi, lakini wasema kweli. Wapo watakaopendelea "mwitikio wa mazoea". Ni jina jepesi. Ila mazoea humtaja aliyezoea tu, na chakula kinachongojewa hakimo.