Makapi ya Mkonge

Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ambayo, kufikia mwaka 1964, yalitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka.

Habari hizi hufundishwa kwa hesabu ya singa na fedha zake. Lakini ipo hesabu nyingine. Katika uzito wa jani bichi la mkonge, singa ni sehemu 4 hivi tu kwa 100. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani. Manamba, waliotolewa makwao mbali kuja kufanya kazi ya mkataba, walikata jani zima, wakafunga matita, wakayapeleka kiwandani. Huko mashine ya kukamulia, iitwayo korona, ililiponda kwa maji mengi, na sehemu kubwa ya jasho lao ikatiririka mferejini. Makapi yaingiapo mtoni huoza na kumaliza hewa iliyomo majini, samaki wakafa. Hasara hiyo hakuilipa mwenye shamba. Aliilipa mwanakijiji aliyechota maji upande wa chini.

Haukuwa ujinga. Bei ya singa ilipokuwa nzuri, na ardhi na vibarua ni rahisi, hapakuwa na tajiri aliyeona sababu ya kuinama kuokota makapi. Kisha zikaja kamba za nailoni na jamaa zake, bei ikaanguka. Mashamba mengi yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lakini anguko halikuzuilika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilitoa tani 20,000 hivi tu. Dhiki hiyo ndiyo iliyowafanya watu walitazame jani upya.

Mwaka 2007, huko Hale, wilaya ya Korogwe, kampuni ya Katani ilianza kutumia mtambo wa majaribio wa bayogesi, kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda. Makapi yalitiwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, vijidudu vikayaozesha, gesi iliyotoka ikaendesha jenereta la kilowati 150. Umeme ukapatikana pale pale kiwandani, na masalio yake yakafaa kuwa mbolea ya shamba lile lile. Taka iliyokuwa gharama na aibu ikawa bidhaa.

Limebaki jambo moja ambalo wahandisi hawawezi kulitatua. Siku hizi wakulima wadogo nao hulima mkonge na kuupeleka kukamuliwa katika viwanda vya wengine. Mkulima akilipwa kwa uzito wa singa pekee, yale makapi yaliyogeuka umeme yatakuwa mali ya nani?