Enka Inayokutupa Kila Mara: Stori ya Ubao Uliofundisha Mguu Upya

Wadau, kila mtaa wa Tunduma una winga wake wa zamani. Jamaa alikuwa moto wa kuotea mbali, mabeki wakimwona wanaanza kuomba dua. Siku moja akatua vibaya, enka ikapinda kwa ndani, ikavimba. Akakandwa maji ya moto, akachuliwa, baada ya wiki mbili akarudi uwanjani. Haikupita muda ikamtupa tena. Na tena. Mwisho akatundika daluga, sasa yupo kijiweni na bodaboda yake anasema "mguu huu mbovu toka zamani." Jina hatutaji, maana wapo wengi mno.

Na si mpira tu. Mbeba mizigo anayekatiza mpakani kwenda Nakonde, au mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mbozi, enka ikimtupa na siku yake imeharibika.

Sasa twende kwenye historia. Kwa miaka mingi madaktari waliamini tatizo ni moja: ligamenti imelegea, basi. Dawa ikawa plasta au kisu. Mwaka 1966 daktari wa Sweden, Lennart Broström, alieleza namna ya kushona ligamenti zilizochanika, na operesheni yake, ikiwa imeboreshwa, inafanyika mpaka leo.

Lakini mwaka mmoja kabla, 1965, daktari wa mifupa wa Uingereza, Michael Freeman, na wenzake walikuja na wazo la tofauti kabisa. Walisema ndani ya ligamenti kuna neva zinazoupa mwili taarifa mguu umekaaje. Ligamenti ikichanika, na neva zinaumia. Taarifa inachelewa, misuli inachelewa kuudaka mguu, unajikuta chini. Kwa hiyo mguu haujalegea tu, umesahau kazi yake.

Dawa yao? Mgonjwa asimame juu ya ubao unaoyumba, ajifunze upya kujizuia. Waliofanya hivyo, wachache zaidi walibaki na mguu unaotupa.

Mwaka 1985 huko Sweden, Hans Tropp na wenzake wakaupeleka ubao kwa wachezaji wa soka. Wale waliowahi kuumia enka, walipofanya mazoezi hayo, waliteguka mara chache zaidi. Watafiti wa baadaye walimrekebisha Freeman kidogo: si neva za ligamenti pekee, hata misuli, nyonga na ubongo vinahusika. Ila ubao haukutupwa. Mwaka 2006 FIFA ikaleta programu ya kupasha mwili joto iitwayo FIFA 11+, na kusimama kwa mguu mmoja kumo ndani. Haihitaji mashine yoyote, ni kama dakika 20 tu.

Utajuaje kama wewe ni muhusika? Wataalamu wa kimataifa walikubaliana hivi: uliteguka vibaya angalau mara moja, tukio la kwanza lina miezi 12 au zaidi, na mguu bado unakutupa, unateguka tena au huuamini.

Mazoezi yenyewe yanawezekana hata uani kwako. Anza kusimama kwa mguu mmoja sekunde 30, karibu na ukuta. Ukizoea, fumba macho. Kisha simama juu ya mto, mwenzako akurushie mpira uudake. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu, usukume kwa nje, ili misuli ya pembeni ipate nguvu. Nyanyua visigino, vigimbi vifanye kazi. Mwisho kabisa ndiyo uruke na kukata kona. Fanya mara kadhaa kwa wiki, kwa wiki sita au zaidi. Maumivu kupungua siyo ruhusa ya kuacha. Hapo ndipo winga wetu alipoponzeka.

Tahadhari: kama umeumia leo na huwezi kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukiubonyeza, nenda hospitali upigwe picha kwanza. Na enka sugu ni vizuri ionwe na mtu wa fiziotherapia.

Miaka 60 tangu 1965, na bado vijana wanastaafu mpira wakiwa na miaka 22 kwa kitu kinachoanza na kusimama kwa mguu mmoja. Makocha wa ndondo mnaosoma hapa, kesho jioni mtaanza na nini kabla ya mpira kuwekwa kati? Tupia maoni yako hapo chini.