Majabali ya Singida na Umri wa Ulimwengu



Wapendwa waamini, majabali ya graniti yanayouzunguka mji wetu wa Singida ni miongoni mwa miamba ya kale barani Afrika. Wanajiolojia huyapa umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Umri wa miamba ya namna hii hujulikana kwa kupima ni kiasi gani cha urani iliyomo kimekwisha kugeuka kuwa risasi, kwa maana badiliko hilo huenda kwa mwendo ule ule daima. Juma hili tutafakari jinsi binadamu alivyojaribu kuuhesabu umri wa ulimwengu mzima.

Mwaka 1650 James Ussher, Askofu Mkuu wa Kianglikana huko Ireland, alijumlisha miaka ya vizazi vilivyotajwa katika Biblia, akasema kwamba uumbaji ulitokea mwaka 4004 kabla ya Kristo. Wengi waliipokea hesabu hiyo kana kwamba ni sehemu ya imani.

Mwaka 1927 Padre Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, alionyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble wa Marekani alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali nasi, ndivyo inavyozidi kwenda kasi. Basi ukizifuata nyuma, kama mchungaji afuataye nyayo za ng'ombe hadi zizini walikotoka, utaufikia mwanzo. Lakini vipimo vya Hubble vilitoa umri wa miaka bilioni 2 tu. Ulimwengu ungekuwa mdogo kuliko majabali yetu! Mtoto hamzidi mama yake umri.

Kosa lilikuwa katika umbali. Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza mjini Roma kwamba nyota zilizotumiwa kama kipimo ni za aina mbili, si moja. Hivyo galaksi ziko mbali maradufu, na umri nao ukaongezeka maradufu. Vipimo vikazidi kusahihishwa, hata mwaka 2013 chombo cha Ulaya kiitwacho Planck kikatoa miaka bilioni 13.8. Sehemu ya ulimwengu tunayoweza kuiona ina kipenyo cha miaka ya nuru ipatayo bilioni 93, na mwaka mmoja wa nuru ni kilometa trilioni 9.5 hivi.

Novemba 1951 Baba Mtakatifu Pio wa XII aliisifu elimu hiyo kwamba yaelekea kuushuhudia uumbaji. Padre Lemaître hakufurahia nadharia yake kutumiwa hivyo. Alishikilia kwamba nadharia hiyo iko nje ya maswali ya dini. Busara yake ni kubwa: wakati ule hesabu bado ilikuwa na kosa, na kama imani ingefungwa kwayo, ingeyumba mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, wazazi na makatekista, msimlazimishe kijana wa sekondari kuchagua kati ya somo la fizikia na Misa ya Dominika. Sayansi hutafuta ni lini na kwa namna gani. Imani hutufundisha ni nani aliyetuumba na kwa nini anatupenda. Namba zikibadilika tena, Muumba habadiliki.

Mungu awabariki. Dominika njema.