Tusi Lisilo na Neno la Tusi

Mwaka 1983, katika jimbo la Washington, Marekani, mwanafunzi Matthew Fraser alimpigia debe mwenzake mbele ya mkutano wa shule. Hotuba yake haikuwa na neno la matusi; ilisheheni mafumbo ya ngono. Akaadhibiwa kusimamishwa masomo siku 3, na jina lake likaondolewa miongoni mwa wanaowania kuhutubia mahafali. Mahakama ya wilaya ikamtetea, akahutubia. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ikaipa shule ushindi, majaji 7 dhidi ya 2.

Sisi tuliolelewa na mafumbo twajua kwamba fumbo huweza kuchoma kuliko tusi. Hivyo onyo nalikubali. Lakini kumnyima mimbari ya mahafali ni kuuadhibu ulimi kwa maneno ambayo haujayatamka.