Kusahau si pepo

Wadau, mwaka 1868 daktari Charcot wa Paris alieleza maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva unaowaanza wengi ujanani, akagusia kwamba hudhoofisha hata kumbukumbu. Hilo likapuuzwa karibu karne nzima. Mwaka 1981, huko London, picha za MRI zikaanza kuonyesha makovu yake ubongoni.

Hapa Tanga tuna hospitali ya Bombo tangu enzi za Mjerumani, lakini kijana akianza kusahau, mtaani wanasema kapandwa na pepo. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwapima kumbukumbu wazee ambao hawakusoma: wakumbuke maneno 10, wapange njiti za kiberiti. Kumbe kumbukumbu hupimika hata bila umeme! Jamani, anayesahau apimwe kwanza. Mganga baadaye.