Kupiga Chapa, Kuchapa na Kuchapisha: Visawe katika Maelezo ya Upangaji wa Kurasa

Mwandishi anayeyaandika upya maelezo ya programu ya kupangia kurasa hukuta mbele yake maneno kupiga chapa, kuchapa na kuchapisha. Akiyaona kuwa ni visawe, huyatumia kwa zamu ili sentensi zisimchoshe msomaji. Historia ya maneno hayo haimuungi mkono.

Neno chapa lina asili ya Kihindi. Pwani ya Afrika ya Mashariki lilishika maana ya alama iliyogandamizwa: ya bidhaa, ya muhuri, hata ya ng'ombe. Katika miaka ya 1860, wakati wa Edward Steere, misheni ya UMCA ilikuwa na mtambo wake Unguja, na vijana waliookolewa utumwani walifundishwa kupanga herufi. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kupiga chapa. Kiarabu nacho kilikuwa na neno lake, matbaa, ambalo Kiswahili kimelipokea. Na mtambo wa Sultani Barghash wa miaka ya 1880 ulitoa vitabu vya Kiarabu katika mji huo huo.

Kuchapa kulibaki na maana ya kupiga kwa fimbo, kisha kukaongezewa kazi ya taipureta. Kuchapisha ni jambo jingine. Mnyambuliko wa kusababisha unaonyesha kwamba mtu anamfanya mwenzake apige chapa. Ndiyo maana mchapishaji ni yule anayegharimia kitabu na kukijibia mbele ya umma, na mpiga chapa ni fundi wake. Kiambishi kimoja, -ish-, kimebeba mkataba mzima.

Kwa muda mrefu tofauti hiyo ilihifadhiwa na mgawanyo wa kazi. Mpanga herufi, mpiga chapa na mchapishaji mara nyingi walikuwa watu mbalimbali, na hakuna aliyewachanganya. Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker kwa kompyuta ya Macintosh, na kazi za watu hao zikaanza kukusanyika kwenye meza moja. Tangu hapo kinachozitenganisha kazi hizo ni maneno tu. Anayeandika "chapisha" kwa amri ya kutoa karatasi moja kwenye printa amebakiwa na neno gani la kukitoa kitabu kwa umma?

Mfano wa risasi una mafunzo zaidi. Zamani mafundi walitia vipande vyembamba vya risasi kati ya mistari ya herufi, na Kiingereza kimelihifadhi jina la madini hayo mpaka ndani ya programu zisizo na madini yoyote. Kiswahili hakina sababu ya kuyabeba: "nafasi kati ya mistari" yatosha. Taabu huanza mwandishi anapolifupisha fungu hilo kuwa "nafasi", kwa kuchelea kurudia. Programu ina nafasi za mistari, za maneno na za herufi, kila moja na amri yake. Msomaji mtiifu atapanua herufi badala ya mistari, na kitabu cha kurasa 96 kitamwagikia ukurasa wa 97. Hapo marudio, ambayo mwalimu wa insha huyakata kwa kalamu nyekundu, ni bora mara kumi.

Yafaa kukiri kwamba mkusanyiko wa kazi si mpya. Kampuni ya Aldus ilijiita kwa jina la Aldus Manutius wa Venice, aliyefariki mwaka 1515, naye alikuwa mpiga chapa na mchapishaji kwa pamoja.