Neno Lililokataliwa na Mizani ya Insulini

Jina la ugonjwa wenyewe linatupotosha kidogo. Tunasema kisukari, na tukishasema hivyo macho yote yanaelekea kwenye sukari. Si Kiswahili peke yake; madaktari wa Ulaya nao waliuita mellitus, yaani wenye utamu wa asali. Lakini sukari ni matokeo tu. Nyuma yake ipo insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuipima vizuri kwenye damu ya mtu. Historia ya jinsi ilivyopimika naipenda kwa sababu ya kifasihi kabisa: katikati yake kuna ugomvi wa neno moja kwenye kichwa cha makala.

Tuanzie 1936. Miaka 14 tu ilikuwa imepita tangu mgonjwa wa kwanza adungwe insulini mjini Toronto, na karibu kila mtu aliamini kwamba mwenye kisukari amepungukiwa insulini, basi. Harold Himsworth, daktari wa London, aliwanywesha wagonjwa glukosi na papo hapo akawadunga insulini kwenye mshipa. Kwa baadhi yao sukari haikupanda sana. Kwa wengine ikapanda kana kwamba hawakudungwa kitu. Akaandika kwenye jarida la Lancet kwamba kuna wagonjwa ambao miili yao inaisikia insulini, na wengine ambao miili yao haiisikii. Hawa wa pili ndio tunaosema leo wana ukinzani wa insulini. Wazo zuri, ila Himsworth alikuwa na kipimo cha sukari tu. Likakaa.

Sasa aje Rosalyn Yalow, binti wa Bronx, New York. Alitaka fizikia, lakini mwanamke, tena Myahudi, hakutarajiwa kupata nafasi, kwa hiyo akaanza na ukarani na kujifunza hati mkato. Mwaka 1941 Chuo Kikuu cha Illinois kikamchukua. Baadaye hospitali ya maveterani ya Bronx ikampa stoo ya mfagiaji aigeuze maabara, naye akaigeuza. Mwaka 1950 akaungana na daktari Solomon Berson. Huyu akamfundisha mwenzake tiba, na yule akamfundisha huyu fizikia.

Walitaka kujaribu dhana ya Arthur Mirsky kwamba kwa wagonjwa watu wazima insulini haipungui, bali inavunjwa haraka mno na ini. Wakaibandika insulini iodini yenye mionzi, wakawadunga watu, wakahesabu inavyotoweka. Mambo yakawa kinyume. Kwa waliowahi kutibiwa kwa insulini ilikawia zaidi kwenye damu, hata kwa waliodungwa insulini kwa ajili ya maradhi ya akili na si kisukari. Insulini ya siku zile ilitoka kwa ng'ombe na nguruwe. Miili ilikuwa imeunda kingamwili zilizoishika na kuing'ang'ania.

Hapo ndipo palipowaka. Mwaka 1955 jarida la Science lilikataa makala, na Journal of Clinical Investigation nalo likakataa. Wataalamu walikuwa na hakika kwamba insulini ni protini ndogo mno kuamsha kingamwili. Ilitoka 1956, kwenye hilo jarida la pili, baada ya wawili hao kukubali kuliondoa neno kingamwili kwenye kichwa na kuandika habari ya globulini inayoishika insulini. Ushahidi uleule, ila umevaa kanzu nyingine. Anayedhani wahariri hukata maneno ya washairi tu, ndiyo hiyo. Yalow aliitunza barua ya kukataliwa, na katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1977 akaiweka hadharani.

Kile kilichokataliwa ndicho kilichogeuka mizani. Fikiria daladala yenye viti vichache. Hivyo ndivyo kingamwili, ambazo walizipata kwa kuwadunga simbilisi insulini. Abiria wenye sare ni insulini yenye mionzi, na idadi yao unaijua. Ukiingiza abiria wasio na sare, yaani insulini ya mgonjwa, wanagombea viti vilevile. Kadiri wanavyozidi, ndivyo wenye sare wanavyobaki wamesimama. Hesabu wenye sare walioketi, utajua wale wengine ni wangapi bila kuwaona hata mmoja.

Waliichapisha mbinu hiyo 1960, kwenye jarida lilelile. Na katika damu ya wagonjwa wengi watu wazima, insulini haikuwa kidogo. Mara nyingi ilizidi ya wasio na ugonjwa. Himsworth alikuwa amesema kweli miaka 24 kabla. Hawakuomba hataza. Berson alifariki 1972, na Nobel haitolewi kwa marehemu, lakini Yalow alikuwa ameipa maabara jina la Berson ili jina hilo liendelee kutokea kwenye kila makala yake.

Vipimo vingine vikafuata. Kongosho linapounda insulini hukata kipande kiitwacho peptidi C, ambacho hakimo kwenye insulini ya sindano. Kwa hicho unajua kongosho lenyewe linatoa kiasi gani. Mwaka 1985 watafiti wa Oxford wakaleta hesabu ya HOMA: chukua sukari kabla ya kula, zidisha kwa insulini, gawanya kwa 22.5. Kliniki nyingi hawaihesabu, na kuna sababu, maana vipimo vya insulini vya maabara mbalimbali havilingani vizuri. Lakini hebu tazama watu wawili, wote wana sukari 5. Kipimo cha kidole kitawaruhusu wote waende nyumbani. Mmoja insulini yake ni 4.5, mwingine 18. Wa kwanza anapata 1, wa pili anapata 4: kongosho lake linapaza sauti mara nne ili mwili usikie neno lilelile.